Futi 70 Kutoka Ardhini: Ajali Zisizotokea Nazo ni Historia

Kwetu Entebbe ndege hupita chini sana juu ya mapaa, na mtoto wa mtaani kwetu hujifunza kutofautisha mlio wa ndege inayotua na ule wa inayoruka kabla hajajua kusoma. Mimi nilikulia hapo. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye ujanani alipakia na kupakua mizigo uwanjani, alikuwa akitukalisha jioni na kutusimulia habari za ndege kwa Kiswahili alichokipata kazini, enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Kwa heshima tulimwita Jjajja, kama wazee wanavyoitwa kwetu. Kisa kimoja hakupenda kukisimulia kwa kirefu: kisa cha "ndege ya Roma". Tulipomuuliza ilikuwaje, alijibu kwa neno moja tu: ukungu.

Nilipoingia chuo kikuu na kuanza kusoma Kiswahili pamoja na Historia, neno hilo lilinirudia. Ukungu ulikuwepo kweli usiku ule. Lakini darasani tulifundishwa kwamba mwanahistoria hapaswi kuridhika na sababu ya kwanza anayokutana nayo, hasa ikiwa ni sababu isiyoweza kujitetea. Katika insha hii nitaeleza matukio matatu ambamo ndege za abiria zilipata shida wakati wa kuteremka kuelekea uwanjani: Nairobi mwezi Septemba 1974, jimbo la Virginia nchini Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo, na Roma mwezi Oktoba 1988. Hoja yangu ni kwamba tukio la kwanza, ambalo halikumuua mtu yeyote, lina uzito wa kihistoria sawa na hayo mengine mawili, na kwamba kulisahau kuna gharama.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Ndege kubwa ya abiria husafiri kwenye urefu wa futi 30,000 na zaidi. Kushuka kutoka huko si jambo la dakika ya mwisho. Marubani hutumia hesabu rahisi: kila futi 1,000 za kushuka zinahitaji takriban maili 3 za baharini za kwenda mbele. Kwa hiyo ndege inayokuja Entebbe kutoka mbali huanza kuteremka ikiwa bado na maili 80 au 90 za kusafiri. Katika muda huo marubani wanapunguza mwendo, wanasoma ramani za uwanja, wanazungumza kwa redio na waongozaji wa ndege walio chini, na wanarekebisha altimita, yaani chombo kinachoonyesha urefu wa ndege kwa kupima mgandamizo wa hewa. Abiria wengi hudhani kwamba kazi ngumu imekwisha kwa kuwa safari inakaribia mwisho. Kwa marubani kazi ndiyo kwanza imeongezeka.

Altimita nayo ina jambo moja linalochanganya watu. Kwa kawaida, wakati wa kwenda kutua, huonyesha urefu kutoka usawa wa bahari, si kutoka ardhini. Kwa Dar es Salaam au Mombasa tofauti si kubwa, maana viwanja hivyo viko pwani. Kwetu Entebbe ni habari nyingine: uwanja uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Nairobi umezidi, uko futi 5,327. Kwa hiyo namba ileile, tuseme futi 5,000, ukiwa juu ya Mombasa ni nafasi ya kutosha angani. Ukiwa juu ya uwanja wa Nairobi, namba hiyo iko chini ya udongo.

Na hiyo ndiyo namba iliyosikika Nairobi tarehe 3 Septemba 1974. Boeing 747 ya British Airways, shirika lililokuwa limeundwa mwaka huohuo, ilikuwa inakaribia uwanja wa Embakasi, ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta. Marubani waliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Kwa desturi ya redio, namba kama hiyo hutamkwa kwa Kiingereza tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wote wawili walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Kosa hilo halikunaswa redioni. Ndege ikaendelea kuteremka katika mawingu kuelekea urefu ambao ulikuwa futi 327 chini ya uwanja wenyewe.

Ilipotoka mawinguni, ardhi ilikuwa karibu mno. Marubani wakaivuta ndege juu. Ilikuwa imefika takriban futi 70 kutoka ardhini, huku ikiwa na maili kadhaa za kwenda kabla ya kuufikia uwanja. Ili tuielewe namba hiyo, tukumbuke kwamba Boeing 747 ikisimama uwanjani, ncha ya mkia wake huwa juu kwa karibu futi 63. Yaani nafasi iliyobaki kati ya abiria na kifo ilikuwa kama urefu wa ndege yenyewe ikiwa imesimama. Baada ya hapo ilitua salama. Hakuna aliyeumia.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza, nilijiuliza jinsi watu wawili wenye uzoefu wanavyoweza kusikia vibaya neno lilelile kwa wakati mmoja. Jibu nililipata ndani ya taksi. Nauli ya kwenda Kampala niliizoea kuwa shilingi 5,000. Siku moja karibu na Krismasi kondakta alinitajia bei kwa sauti kubwa, nami nikasikia elfu tano. Nikauliza, "Elfu tano?" Yeye, huku akiita abiria wengine, akatikisa kichwa kukubali. Tulipofika, akadai elfu saba. Akaapa kwamba ndivyo alivyosema, na abiria wenzangu wakamuunga mkono. Nilikuwa nimesikia bei niliyoizoea, na yeye alisikia swali langu kama jibu alilolitarajia. Hakuna aliyedanganya. Sikio hupokea kwanza lile linalolitarajia, ndiyo maana namba iliyozoeleka ina nguvu kuliko namba iliyotamkwa.

Kwenye taksi hasara yangu ilikuwa shilingi elfu mbili na aibu kidogo. Angani ulinzi wa mwisho dhidi ya kosa la aina hiyo ni mtu mmoja kusimama na kuilinganisha namba na ardhi: je, tano elfu inawezekana Nairobi? Swali hilo ni rahisi kwetu tuliokaa mezani na kitabu. Ni gumu kwa mtu mwenye mambo kumi mkononi, ambaye kwenye viwanja vingi vya dunia angeambiwa futi 5,000 bila tatizo lolote.

Niliwasilisha kisa hiki kwenye semina yetu. Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliuliza swali lililowachekesha wengi: "Sasa mbona hakuna kilichotokea? Historia iko wapi hapo?" Mhadhiri wetu hakumjibu. Alinigeukia na kuniambia swali hilo ni langu, niondoke nalo.

Nimekaa nalo muda mrefu. Ni kweli kwamba ukimuuliza mtu habari za Boeing 747 na Nairobi mwaka 1974, akijua lolote atakutajia tarehe 20 Novemba. Siku hiyo ndege ya Lufthansa ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka uwanja huohuo, na watu 59 kati ya 157 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu, na imo katika kila orodha. Lakini siku 78 kabla yake, kwenye uwanja uleule, ndege ya aina ileile ilikuwa imekosa kuichukua nafasi hiyo kwa futi 70. Orodha hazina pa kuliweka tukio la pili kwa sababu hupangwa kwa idadi ya maiti. Tumejifunza kuhesabu waliokufa tukasahau kuwahesabu walioponea, na sababu iliyotaka kuwaua haihesabiwi popote.

Tuvuke sasa bahari, miezi mitatu baadaye. Tarehe 1 Desemba 1974 Boeing 727 ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa inakwenda Washington. Upepo mkali wa kukata njia ulizuia kutua kwenye uwanja uliokusudiwa, ikaelekezwa uwanja wa Dulles. Ikiwa bado maili 44 kutoka Dulles, mwongozaji aliwaambia marubani kwamba wameruhusiwa kuanza utaratibu wa kukaribia uwanja. Kwake yeye ruhusa hiyo haikuwa na maana kwamba washuke mara moja hadi chini. Kwa marubani ilikuwa na maana hiyo hasa: wakaanza kuteremka hadi futi 1,800, urefu ulioandikwa kwenye ramani kwa hatua ya karibu na uwanja. Kati yao na uwanja kulikuwa na mlima unaoitwa Mount Weather. Ndege iliugonga, na watu wote 92 waliokuwamo walikufa.

Jambo lililonishtua ni kwamba nahodha aliiona ile namba ya usalama. Kinasa sauti kilichookolewa kilionyesha kuwa aliitazama ramani, akaona kwamba katika sehemu ile urefu wa chini kabisa ulikuwa futi 3,400, na wakaijadili wenyewe ndani ya ndege. Kisha wakakubaliana kwamba ruhusa ya mwongozaji ina uzito kuliko karatasi. Hawakumuuliza yeye mwenyewe alikuwa na maana gani. Bodi iliyochunguza ajali hiyo yenyewe iligawanyika: wajumbe watatu walikazia uamuzi wa marubani kushuka, na wawili walimkazia mwongozaji. Sisi wanafunzi wa lugha tunajua hali hii. Msemaji na msikilizaji walitumia sentensi moja, kila mmoja akiwa na maana yake, na sentensi haikuwa na kosa lolote la sarufi.

Kuna jambo jingine, na kwangu hili ndilo kiini cha insha. Wiki sita kabla ya ajali hiyo, ndege ya shirika la United ilikuwa imeteremka vivyo hivyo, kwa tafsiri ileile ya ruhusa ileile, ikaukosa mlima huohuo kwa nafasi ndogo. Marubani wake waliripoti kwa shirika lao, na shirika likawaonya marubani wake. Marubani wa TWA hawakuzipata habari hizo. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Lakini mtu atatiaje maji ikiwa hajaambiwa kwamba mwenzake amenyolewa?

Swali la mwenzangu wa semina lilipata jibu hapo. Tukio la United lilikuwa "hakuna kilichotokea". Laiti "hakuna kilichotokea" hicho kingesimuliwa kwa wote, huenda watu 92 wangefika nyumbani.

Wamarekani walilielewa hilo, ingawa kwa kuchelewa. Mwezi huohuo wa Desemba 1974 serikali yao iliamuru ndege kubwa za abiria ziwekewe kifaa cha kuonya marubani wanapoikaribia ardhi kwa namna ya hatari. Kifaa hicho kilikuwa kimebuniwa miaka michache nyuma na mhandisi mzaliwa wa Kanada, Don Bateman. Kisha mwaka 1976 ulianzishwa mfumo wa taarifa unaosimamiwa na NASA. Rubani au mwongozaji aliyekosea, au aliyeponea chupuchupu, huandika yaliyomkuta, jina lake huondolewa, na somo huwafikia wengine. NASA ilipewa kazi hiyo kwa sababu haina mamlaka ya kumnyang'anya rubani leseni. Kwa maneno mengine, walijenga maktaba ya ajali zisizotokea. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kihistoria, hata kama waliofanya kazi hiyo hawakujiita wanahistoria.

Sasa nirudi kwenye ndege ya Roma, iliyonitoa nyumbani. Shirika la kwanza la ndege la Uganda liliundwa mwaka 1976, wakati shirika la pamoja la Afrika Mashariki likielekea kuvunjika, jambo lililotimia mwaka 1977. Usiku wa tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya shirika hilo, ikitoka London kuja Entebbe, ilikusudia kutua kwanza Roma, kwenye uwanja wa Fiumicino. Ukungu ulikuwa mzito. Marubani walijaribu kutua mara mbili wakashindwa, na mara zote mbili walifanya lililo sahihi: walipanda tena juu.

Jaribio la tatu lilikuwa kwenye njia ambayo utaratibu wake wa kuikaribia haukuwa na mitambo ya redio ya kuwaonyesha marubani mteremko wa kufuata. Kwa utaratibu huo rubani hushuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani: hatua moja, anahakikisha, kisha nyingine. Kwenye kidato cha mwisho kuna urefu ambao hauruhusiwi kupitwa mpaka njia ya kutua ionekane kwa macho. Isipoonekana, ndege hupanda. Kazi hiyo inahitaji sauti: mmoja anaendesha, mwingine anasoma altimita na kutaja urefu kila hatua, ili namba isikike badala ya kuonekana tu. Wachunguzi walibainisha kwamba wafanyakazi wa ndege hawakuwa wamejiandaa vya kutosha kwa utaratibu huo, hasa katika kutajiana urefu, na kwamba waliendelea kushuka kupita urefu ule wa mwisho bila kuiona njia. Ndege iligonga paa la nyumba karibu na uwanja, ikaanguka na kuwaka moto. Kati ya watu 52 waliokuwamo, 33 walikufa.

Kwa hiyo ukungu ulikuwepo, lakini ukungu haushushi ndege. Ukungu huficha njia, na ndiyo maana kuna urefu wa mwisho na kuna ruhusa ya kupanda tena. Nasema haya si kwa kuwalaumu marehemu. Walikuwa wamechoka kwa usiku mrefu na majaribio mawili yaliyoshindwa, na yeyote kati yetu anayeendesha gari usiku anajua jinsi mtu anavyotamani kufika. Nasema kwa sababu tukiuachia ukungu lawama yote, hakuna tunachoweza kujifunza. Hatuwezi kuuamuru ukungu uondoke Roma. Tunaweza kumfundisha mtu kutaja namba kwa sauti, na mwenzake kuitikia.

Ukiyaweka matukio matatu pamoja, unaona uzi mmoja. Nairobi, namba ilitamkwa ikasikika nyingine. Virginia, namba sahihi ilionekana lakini mwenye jibu hakuulizwa. Roma, namba hazikutajwa kama zilivyopaswa kutajwa. Katika yote matatu chuma kilikuwa kizima na injini zilikuwa zikifanya kazi. Kilichopungua ni mazungumzo. Leo kanuni za kimataifa zinamtaka rubani aurudie kwa sauti urefu aliopewa, na mwongozaji ausikilize urudiaji huo na kusahihisha palipokosewa. Anayeisikia desturi hiyo redioni anaweza kuiona kama kurudiarudia maneno bure. Mimi naona imelipiwa kwa gharama kubwa.

Kwa kumalizia, nawaomba wanafunzi wenzangu wa Historia tusiwe watu wa kusubiri maiti ndipo tufungue daftari. Nchi zetu zimejaa walioponea: abiria wa mashua Ziwa Viktoria waliofika ufukweni huku wakichota maji kwa sufuria, madereva wa malori ambao breki zilishika mita ya mwisho, wauguzi waliogundua dawa si yake kabla hawajampa mgonjwa. Visa hivyo husimuliwa mara moja, watu wakacheka, wakamshukuru Mungu, vikaisha. Tukiviandika bila kutaja majina wala kutafuta wa kumwadhibu, vinaweza kuwafaa watu ambao hawajapanda mashua hizo bado.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimu Jjajja. Nilimweleza niliyoyasoma, polepole, kwa kuwa masikio yake sasa ni mazito na namba nilizirudia mara mbili mbili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, mjukuu wangu, kwenye ile mara ya tatu walikuwa bado na nafasi ya kupanda?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Jjajja. Walikuwa nayo."

Ndege nyingine ilipita juu yetu ikienda kutua. Alisubiri mlio upite, kisha akasema, "Basi hilo ndilo la kuwaambia watoto. Mimi niliwaambia ukungu tu."